Jani Nililolifuta

Wiki tatu zilizopita Nuru alinipigia simu asubuhi, wakati nafungua duka, akaniambia baba yake mkubwa amefariki. Nilimpa pole, nikauliza mazishi ni lini, akasema Alhamisi, kule kule kwao Akeri, kisha akaanza kuzunguka maneno kama mtu anayeona haya kuomba. Walihitaji picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye karatasi ya ratiba ya ibada. Walikuwa wamepekua nyumba nzima. Marehemu, Mzee Anaeli, hakupenda kupigwa picha; ya kitambulisho ilikuwa imefifia, na katika za msiba wa mkewe alikuwa ameinama zote. Picha nzuri ya uso wake, amevaa suti, amesimama wima na anatazama mbele, ilikuwa moja tu, na Nuru hakuhitaji kunieleza ni ipi. Aliniuliza tu, "Dada Zena, nikikuletea albamu, utaweza kukata uso peke yake?" Nikamjibu nitaweza. Kisha nikakaa kwenye kiti bila kuwasha kompyuta, na wasichana wawili wanaonisaidia kazi wakadhani nimefiwa mimi.

Kwa kweli nilichokuwa nacho ni woga, na woga huo una umri mkubwa kuliko duka langu. Nimebuni albamu za harusi kwa muda mrefu sasa, hapa Levolosi, Arusha, na nimepanga sura za watu wengi kiasi kwamba nikienda sokoni nasalimiwa na maharusi ambao majina yao nimeyasahau lakini meno yao nayakumbuka. Wasichana wangu wananitania kwa jina la Mama Uliza, kwa sababu siruhusu kitu chochote kiondolewe kwenye picha, hata kama ni mfuko wa plastiki ulionasa mtini, kabla mwenye picha hajaulizwa. Wanaona ni uzee. Sijawahi kuwaeleza kwamba kuuliza nilijifunza katika mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo katika siku tatu, kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nafanya kazi Kaloleni, kwenye studio ya Bwana Temu, mpiga picha, mtu wa Moshi, mrefu, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyong'aa kuliko vioo vya kamera yake. Studio ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji, ambalo nusu ya watu wa mjini walikuwa wamesimama mbele yake wakati mmoja au mwingine, na benchi la kusubiria. Cha nyuma kilikuwa changu: kompyuta, feni iliyokuwa ikikohoa, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao usiofika darini, hivyo yaliyosemwa mbele niliyasikia yote, nikitaka nisitake. Mchana mkewe, Mama Glory, alituletea chakula kwenye hotipoti, makande au ndizi nyama, nasi tulikula chumba cha mbele kwa sababu Bwana Temu aliamini kwamba mafuta ya nyama yanaweza kuingia kwenye kompyuta yakaiua.

Ulikuwa ndio mwaka ambao albamu za kubandika picha kwa gundi zilianza kuonekana za kizamani. Sasa kila bibi harusi alitaka albamu iliyobuniwa kwa ajili yake peke yake: picha zinazotambaa kutoka ukurasa mmoja hadi wa pili, majina kwa herufi za dhahabu, jalada lenye rangi ya magauni ya wasimamizi. Mimi nilizipanga kurasa, tukazichoma kwenye CD, CD ikapanda basi kwenda Nairobi, na baada ya wiki mbili albamu ikarudi ndani ya boksi, nzito kama tofali, inanuka gundi. Kikishachapwa kimechapwa. Kabla ya kupanga kurasa nilisafisha picha kwanza, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa jina. Niliondoa nyaya za umeme, ndoo, mbwa, mtoto aliyekuwa akichokonoa pua nyuma ya mchungaji. Wateja walikuja wakisema wanamtaka yule dada anayefuta. Sifa hulevya, nami nililewa mchana kweupe. Nikiona picha, kitu cha kwanza nilichotafuta hakikuwa uso wa mtu. Nilitafuta cha kuondoa.

Nuru alikuja kuchagua picha zake siku nne baada ya harusi. Alikuwa binti wa Kimeru, mwalimu, ameolewa Sekei na kijana mpole aitwaye Godlisten ambaye alikaa kwenye benchi akikubali kila kitu. Nuru alikaa karibu nami mchana mzima, tukila karanga, akinieleza kila picha ni ya nani. Tulipofika kwenye picha ya wazee wawili waliosimama mbele ya nyumba, mmoja mfupi mwenye tabasamu la wasiwasi, mwingine mrefu mwenye uso wa jiwe, alishusha sauti. Yule mfupi ni baba yake, Mzee Elifuraha. Yule mrefu ni baba yake mkubwa, Anaeli, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukanyaga uwanja wa nyumba ile. Walikosana kwa sababu ya mpaka wa shamba la kahawa. Baba yake alikuwa amesogeza mpaka, na Nuru alilisema hilo wazi, bila kumtetea. Mwaka mmoja vijana wa nyumba zote mbili walitoleana mapanga pale pale mpakani, na mmoja bado ana kovu begani. Baba mkubwa ndiye aliyetakiwa kumbariki kabla hajatoka kwenda kanisani, na mpaka asubuhi ya harusi hakuna aliyejua kama atakuja. Alikuja. Alisimama na mdogo wake, akakubali picha moja, moja tu, akambariki Nuru, akaondoka. Mpiga video alikuwa ndani anapewa chai. Nuru aliniambia picha hiyo iwe ukurasa mzima.

Alinieleza yote hayo, lakini hakunitajia jani. Sasa namwelewa. Nani humweleza mwenzake kwamba maji yanalowesha? Kwake lilikuwa wazi mno. Katika picha, mkono wa kulia wa Mzee Anaeli ulikuwa umelishika jani refu la kijani, limepinda kidogo, limekatiza suti yake nyeusi kutoka kiunoni mpaka karibu na tai. Mimi ni mtu wa Kondoa. Niliona jani. Nilidhani mzee alikuwa amelichuma njiani akatembea nalo, kama wazee wanavyookota kijiti, na akasahau kulitupa wakati wa picha. Kazi ya kulifuta ilinichukua karibu saa nzima kwa sababu ya vifungo vya koti, na nakumbuka nilivyojisikia vizuri nilipomaliza. Suti ilikuwa safi. Ule mkono sasa ulibaki umekunjwa bila kitu ndani yake, na nikajiambia kwamba unampa mzee heshima, anaonekana mtu wa msimamo. Nikahifadhi picha juu ya ile ya zamani. Kadi ya kamera Bwana Temu alishaifuta ili aende nayo kwenye harusi za Babati, na CD ya akiba niliichoma baada ya kusafisha, kama nilivyozoea. Kwa hiyo jani lile halikuwepo tena popote duniani ila kwenye vichwa vya waliokuwepo.

Leo nikiwa na miwani puani huwa najiuliza kama kweli sikuliona linavyoshikwa. Jani lililosahaulika hushikwa kwa vidole viwili. Lile lilishikwa kwa mkono mzima. Jibu ni kwamba macho yangu yaliona, ila nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Albamu ilirudi kutoka Nairobi siku ya Alhamisi, na Nuru akaja kuichukua jioni hiyo hiyo akitokea kazini. Aliifungua kwenye benchi, akajitazama yeye, akamtazama mumewe, akatazama shela, akalia kidogo, akanikumbatia. Kwenye ukurasa wa wazee alipapasa nyuso zao kwa kidole, akafunua mbele. Akaniambia kwamba Jumamosi ataipeleka nyumbani Akeri, na Jumapili baada ya ibada ukoo utakaa, na kwa desturi ya nyumba yao anayefungua albamu wa kwanza ni mkubwa. Baba mkubwa amekubali kuja kuifungua. Itakuwa mara yake ya pili kuingia uwanja ule. Nilimpa hongera kwa moyo mweupe.

Ijumaa saa nne Bwana Temu alirudi kutoka Babati, akanywa chai, akaja chumba cha nyuma kuona kazi zilizotoka. Nilimfungulia kurasa za Nuru nikisubiri sifa. Alipofika kwa wazee alisimama. Akakisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Aliniuliza sale liko wapi, nami nikamuuliza sale ni nini. Alikaa chini kwenye boksi la karatasi na suruali yake safi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akanieleza polepole kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo. Kwa Wachaga na kwa Wameru, mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la sale. Hakuna ombi la msamaha linalolizidi. Akilipokea, kosa limekwisha, na hakuna wa kulifufua. Elifuraha alimpelekea kaka yake jani, na kaka yake akaja nalo mkononi asubuhi ya harusi ili watu wote waone kwamba amelipokea. Ndiyo maana alikubali kupigwa picha. "Hakuja kupiga picha na ndugu yake, Zena," aliniambia. "Alikuja kupiga picha na lile jani."

Nilitazama tena kioo na mara ile nikaona nilichokuwa nimekitengeneza kwa mikono yangu. Mzee mwenye uso wa jiwe amesimama kando ya mdogo wake, na amekunja ngumi. Ukurasa mzima. Tulijaribu kufikiri. Kumpigia picha upya haiwezekani, kuchora jani jipya inawezekana lakini Nairobi ni wiki mbili na albamu iko mikononi mwa wenyewe. Nikasema tumpigie Nuru simu sasa hivi. Bwana Temu alikataa. Alisema wazee hawaoni vizuri, watatazama suti na kusifia, tukijipeleka wenyewe ndio tutawasha moto. Akachukua daftari la wateja lenye namba zao, akatoka nalo, akaliweka kwenye mkoba wake. Aliona nilivyomwona akifanya hivyo, na hatukutazamana tena mpaka mchana.

Mchana Mama Glory alikuja na hotipoti. Nilisema tumbo linaniuma, nikabaki nyuma. Kupitia juu ya ukuta wa mbao nikasikia vijiko, kisha sauti ya chini ya Bwana Temu ikimsimulia mkewe. Mama Glory aliuliza itakuwaje wakiona. Nikasikia Bwana Temu anatafuna. Kisha akasema wakija kuuliza tutawaambia mteja ndiye aliyetaka liondolewe. Mama Glory akauliza mteja yupi, na yeye akajibu upande wa bibi harusi, hakuna atakayejua. Nilisikia tu mfuniko wa hotipoti ukifungwa. Sikuwa na akili nyingi lakini hiyo niliielewa bila kuelezwa. Upande wa bibi harusi ni Elifuraha. Maana yake, yule aliyepeleka jani ameagiza lifutwe, ili kusiwe na ushahidi kwamba aliwahi kukiri kosa, ili kesho kutwa asogeze mpaka tena. Nilimfikiria yule kijana mwenye kovu begani. Nilifikiria mapanga. Bwana Temu hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu mwenye jina mjini na hofu ya kulipoteza, na hofu humfanya mtu mstaarabu aseme jambo ambalo mhuni angeliogopa.

Jumamosi sikwenda kazini. Nilikaa kwenye chumba changu cha kupanga, hapa hapa Levolosi, nimeufunga mlango kwa komeo kama mtu anayetafutwa. Jirani yangu alipika maandazi akanigawia, yakapoa kwenye sahani mpaka mafuta yakaganda. Nikajiambia wazee hawaoni. Nikajiambia mimi ni mgeni, ugomvi wa ndugu hauingiliwi, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nikajiambia nitafukuzwa, na kodi ya chumba ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Kila nilipofika mwisho wa sababu zangu, ngumi ile ilikuwa pale. Wenyewe husema mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliogopa kwamba safari hii kifo hakitakuja kwangu niliyeficha. Kitakwenda kwa mtu mwingine kabisa, juu kule kwenye migomba, ambaye hata jina langu halijui.

Jumapili asubuhi nilivaa baibui yangu nzuri, nikaenda mpaka Tengeru, nikaanza kupanda kwa miguu. Akeri sikuijua; niliuliza kwa Mzee Elifuraha kila baada ya nyumba tatu. Njia ilipita katikati ya migomba na mibuni, maji ya mfereji yakikimbia pembeni, Mlima Meru umejifunika wingu, na kengele ya kanisa ilikuwa imeshalia. Na kando ya njia, kwenye kila mpaka wa shamba, niliyaona. Majani marefu ya kijani, yamepinda kidogo, yamepandwa mstari, mamia kwa mamia. Nilikuwa nimeishi Arusha miaka mitatu na nimeyapita pengine kila siku. Nilikuwa naogopa mpaka kuyagusa kwa nguo.

Nyumbani nilimkuta Mama Nuru jikoni, mama mnene mwenye mikono ya kazi, anakoroga sufuria kubwa la loshoro, ule mchanganyiko wao wa mahindi na ndizi kwa maziwa ya mgando. Wengine walikuwa kanisani, isipokuwa mumewe ambaye alisema kichwa kinamuuma na alikuwa amelala. Alinikaribisha kigoda kabla hajaniuliza mimi ni nani. Nilipomweleza, mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Hakunigombeza. Alitazama mlango, akatazama mlima, akaniuliza kama nina hakika kwamba jani halipo kabisa, nikasema halipo. Nilimuuliza kama inafaa niende nikachume sale nimpelekee mzee mwenyewe, kwa kuwa nimekosa. Akatikisa kichwa haraka. "Hilo si la kujifunzia, mwanangu. Wewe sema tu kama ilivyokuwa, usiongeze na usipunguze." Alisema atamwandaa mumewe kwanza, lakini kabla hajaosha mikono tulisikia sauti za watu uwanjani. Ibada ilikuwa imekwisha.

Sebule yao ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na meza ndefu katikati yenye chupa mbili za chai. Nuru na Godlisten waliingia na kushangaa kuniona, wakadhani nimealikwa, wakafurahi. Mzee Anaeli aliingia wa mwisho. Alikuwa mrefu kuliko picha. Hakwenda kwenye kiti kikubwa alichowekewa. Alichukua kiti cha pembeni, akakiweka karibu na mlango, akakaa na fimbo kati ya magoti kama mtu anayepita. Mzee Elifuraha alitoka chumbani amevaa koti juu ya shati la kulalia, uso umevimba, akamwamkia kaka yake bila kumwangalia, akakaa upande wa mbali wa meza. Mama Nuru alijaribu kumnong'oneza akamkatiza kwa mkono. Shikamoo na marahaba zikazunguka. Chai ikamiminwa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kalenda.

Anaeli akasema haya, albamu iko wapi, ameambiwa anasubiriwa yeye. Mzee Elifuraha akasema haijafika. Nuru alicheka, akasema, "Baba, si nimekuletea jana saa kumi?" Baba yake aliitazama chai yake. Nikaona macho ya Anaeli yakitoka kwa binti, yakaenda kwa mdogo wake, yakakaa pale, na mkono wake ukajikaza kwenye fimbo, na ukawa mkono ule ule wa kwenye picha. Nikajua nikisubiri pumzi mbili zaidi atanyanyuka aondoke, na akiondoka hatarudi. Nilisema nikiwa sijajiandaa. Nilisema shikamooni, mimi naitwa Zena, ndiye niliyetengeneza albamu, na kwenye picha ya babu na mdogo wake nimeondoa jani la sale, limefutika, haliwezi kurudi.

Mzee Anaeli aligeuza kichwa polepole. Aliniuliza nani alinituma. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama ni mwenye studio. Nikasema hapana, alikuwa safarini. Kisha akainyoosha fimbo, bila hasira, kama mtu anayeonyesha njia, mpaka ncha yake ikamwelekea mdogo wake, akauliza kama ni huyu. Nikasema hapana, babu, sijawahi kumwona mpaka leo. Akasema mtu halali akaamka akafuta kitu kwenye mkono wa mzee bila sababu. Nikaona hanisadiki, na nikajua kwamba nina neno moja tu la kweli, na neno lenyewe ni tusi. Natamani niseme nilikuwa jasiri, lakini niliitazama sakafu.

"Nilidhani ni uchafu," nikasema.

Mama Nuru aliziba mdomo kwa kanga. Godlisten akainama akatazama viatu vyake. Mzee aliyarudia maneno yangu kwa sauti ndogo, uchafu, kama anayeonja kitu. Nikasema ndiyo, babu, nilidhani ni taka umeokota njiani, nikasafisha ili suti ionekane. Aliniuliza kwetu wapi, nikasema Kondoa. Akaniuliza kama kwetu hakuna sale. Nikasema sijui, labda lipo, hakuna aliyewahi kuniambia, na nilikuwa sijauliza. Alinitazama muda mrefu. Nilisikia kuku uwanjani, nikasikia mfereji. Halafu fimbo ikashuka.

"Huyu hakutumwa," akasema. "Aliyetumwa angejua anachokitoa."

Jumatatu yake nilikwenda Kaloleni kumwambia Bwana Temu nilichofanya, naye akaniambia kwa sauti yake ya chini nisirudi tena, na sikumlaumu wakati ule wala sasa. Niliuza maandazi miezi minne kabla sijashika tena kompyuta. Lakini nikiufikiria mwaka ule sifikirii kufukuzwa. Nafikiria kilichofuata pale sebuleni, ambacho sikukitarajia, na ambacho hunitisha kuliko ngumi yenyewe kwa sababu nilikuwa nimeijua nusu tu ya hatari.

Mzee Elifuraha alisimama, akaingia chumbani, akarudi na albamu imefungwa ndani ya kitenge na kamba. Mikono yake ilishindwa kufungua fundo, Nuru akamsaidia. Aliiweka mezani ikiwa imefunguliwa kwenye ukurasa ule. Akasema aliiona jana, alikuwa peke yake, alitaka kumwangalia binti yake kabla watu hawajaja. Akamwona kaka yake na ngumi. Hakula, hakulala, hakwenda kanisani. Alikuwa ameshatuma neno kwa vijana wake wanaoishi Usa, kule chini barabarani, kwamba waje leo jioni, maana mambo yamerudi yalikokuwa. Alipolisema hilo Mama Nuru alishika meza. Mzee alikuwa analia bila kujifuta, mtu mzima, mbele ya mkwe wake.

"Nilidhani umenirudishia jani langu, kaka," akasema. "Nilidhani umekwenda kuwaambia walitoe ili nijue."

Mzee Anaeli aliitazama picha kutoka pale alipokaa, kwa mbali, kisha akamtazama mdogo wake. Akajiinua kwa shida, akashika kiti chake kwa mkono mmoja, akakiburuta kutoka mlangoni, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu mpaka upande wa pili wa meza, akakiweka kando ya kile cha mdogo wake, akakaa. Akamwambia awapigie simu wale vijana waje, ila waje kula. Kisha akauliza chakula kiko wapi. Mama Nuru alikuwa amejifunika uso na hawezi kusimama, Nuru amemshika, kwa hiyo niliyekwenda jikoni kupakua ni mimi.